Kadi ya Watu Wawili

Kadi ilikuja na herufi za dhahabu,
na chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi:
watu wawili tu. Watoto tuwaache wapumzike nyumbani.
Nikacheka peke yangu jikoni, hapa kambini Naguru.
Wapumzike na nani? Na jiko la mkaa?

Nikapiga hesabu ya mama:
mimi mmoja, na mapacha nusu kwa nusu,
hao ni wawili.
Lamaro bado ananyonya. Anayenyonya hana kiti, hahesabiwi.
Baba yao hakuwemo kwenye hesabu.
Aliondoka alfajiri na bunduki,
amepangiwa zamu kwenye lango la harusi hiyohiyo.

Bibi arusi ni Kobusinge,
niliyegawana naye benchi na chawa darasa la tatu,
kabla baba yake hajaongezwa nyota mabegani
wakahamia nyumba yenye ngazi ndani.
Hakunisahau. Nalisema hilo mapema
nisije nikadhaniwa nina kijicho.

Munyonyo, tukashuka boda mbali kidogo na lango.
Nikawafuta viatu kwa mate na kitambaa,
nikatoa amri: Apiyo, Ocen, sikilizeni,
mkimwona baba msimwite.
Leo baba si baba. Leo baba ni lango.

Akatupekua.
Akafungua mkoba wangu kama wa mgeni yeyote,
akaona nepi, chupa ya uji,
viazi vya kuchemsha nilivyovificha chini
(chakula cha wakubwa huchelewa kuliko wakubwa wenyewe),
akaufunga taratibu, zipu jino kwa jino.
"Karibu, mama."
"Asante, afande," akajibu Apiyo,
akajiuma midomo.

Ndani, maua yaliyosafiri kwa ndege
na keki ya ghorofa saba, yenye daraja na chemchemi.
Ocen akauliza nani anaishi humo.
Nikamwambia nyamaza.
Mjomba wa bwana arusi akashika kipaza sauti,
akaanzia kwa babu wa babu,
na saa moja baadaye babu alikuwa bado hajaoa.
Lamaro akavuta ziwa, mkanda wa gomesi ukafunguka,
gomesi yenyewe ya kuazima.
Mama wa meza yetu, mwenye manukato,
akasogeza kiti chake sentimita mbili,
sentimita mbili za adabu.
Apiyo akataka choo. Akarudi. Ocen naye akataka.

Kisha wakawasha zile taa kubwa.
Ilikuwa Novemba, mvua imekatika mchana,
na sote tulisahau, hata waliolipia hema.

Wa kwanza akatua kwenye glasi.
Wa pili kwenye kipara cha mjomba, katikati ya ukoo.
Halafu mbingu ikamwagika, kijani, ikirukaruka.
Senene!
Wanangu, watoto pekee ukumbini, hawakungoja ruhusa.
Wakapita chini ya meza, juu ya viti,
wakajaza vitambaa vyenye jina la maharusi.
"Mabibi na mabwana, tutulie," akasihi mshereheshaji,
naye mkono mmoja mfukoni, mfuko ukicheza.
Keki ikapata wapangaji ghorofa zote.
"Mwanangu," mama wa manukato akamnong'oneza Ocen,
"nishikie huyo begani,"
na mkoba wake wa shanga ukafunguka.

Mezani kwa maharusi nilimwona Kobusinge
akidaka mmoja, bila kuangalia,
akamng'oa mabawa kwa vidole viwili
kama nyuma ya choo cha kambi.
Macho yetu yakakutana. Hatukupungiana.

Saa sita usiku, langoni tena.
Lamaro amelala mgongoni, keki nimeisahau mezani.
Ocen akanyoosha kitambaa kinachotikisika.
"Nini hiki?" kwa sauti ya kazi.
"Senene, afande."
Akatazama kushoto. Akatazama kulia.
Akavua kofia, akawamimina, akaivaa upesi.

Magari ya wakubwa yakaanza kutoka.
Akayapigia saluti, moja baada ya jingine,
wima kama mlingoti,
na kitu kikimtekenya utosini.